Rangi Zenye Kazi: Barua kwa Mpwa Wangu

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

   

Mama yako amenionyesha picha za madaftari yako ya Biolojia, Kemia na Historia, na nimezitazama ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wako ni mzuri na bidii yako inaonekana. Nimeona pia ombi lako la kununuliwa seti nyingine ya zile kalamu nene za kung'arisha maandishi. Kabla ya kulijibu nataka tuzungumze kidogo, kwa sababu kazi yangu ya umeme ilikuwa kazi ya rangi tangu siku ya kwanza hadi nilipostaafu, na baada ya kustaafu nimesoma mengi kuhusu namna rangi inavyoingia katika kumbukumbu ya mtu. Mtihani wako ni Novemba. Sitaki saa zako ziende kwenye kupaka rangi huku ukidhani unasoma.

Rangi husaidia kukumbuka inapokuwa chache, inapobeba maana moja isiyobadilika, na inapokulazimisha kufikiri. Ikikosa hayo, inabaki pambo. Nitakueleza jinsi nilivyofikia hapo.

Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hedwig von Restorff, alichapisha majaribio aliyoyafanya Berlin. Aliwapa watu orodha fupi za kukariri. Vitu katika orodha vilifanana isipokuwa kimoja: silabi zisizo na maana, kwa mfano, na kati yake namba moja. Kile kilichokuwa cha peke yake kilikumbukwa zaidi kuliko vile vilivyokizunguka, hata kilipowekwa mapema katika orodha, kabla msomaji hajajua kwamba vinavyofuata vitafanana. Wanasaikolojia mpaka leo huliita jambo hilo kwa jina la mama huyo. Sasa fungua daftari lako la Biolojia, ukurasa wa mzunguko wa damu. Kila mstari umepakwa, huu pinki, ule kijani, wa tatu chungwa. Hakuna mstari uliobaki peke yake, kwa hiyo hakuna unaoliita jicho. Rangi imefutwa na wingi wake.

Nikueleze sasa tuliyokuwa nayo sisi mafundi umeme, maana hapo rangi haikuwekwa kwa urembo. Nilipoingia kazini tulifuata utaratibu wa Kiingereza: laivu nyekundu, nyutro nyeusi, ethi kijani. Kwenye umeme wa fezi tatu, fezi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ni ileile nyeusi. Baada ya muda fundi hakumbuki tena kwa kujiuliza. Akifungua soketi na jicho likakutana na waya mwekundu, mkono unasita wenyewe. Kumbukumbu ya namna hiyo haijengwi na uzuri wa rangi. Imejengwa na nyekundu iliyosema jambo lilelile katika kila nyumba, miaka yote.

Kisha rangi zikabadilishwa. Uingereza ilianza kutumia rangi za pamoja za Ulaya mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 kazi zote mpya kule zililazimika kuzifuata. Nyaya za namna hiyo zikatufikia na sisi. Laivu ikawa kahawia, nyutro ikawa buluu, ethi ikawa kijani yenye mstari wa manjano. Fezi tatu zikawa kahawia, nyeusi na kijivu. Soma tena taratibu, mwanangu. Nyeusi, ambayo zamani ilikuwa nyutro, sasa inaweza kuwa fezi. Buluu, ambayo zamani ilikuwa fezi, sasa ni nyutro. Rangi zilezile, maana zimegeuka, na kukosea ni kifo.

Vijana waliojifunza rangi mpya peke yake hawakupata taabu. Waliotaabika ni mafundi waliokuwa na miaka mingi kazini, kwa sababu somo la kwanza halifutiki unapojifunza la pili. Yanakaa pamoja na kushindana, hasa mtu anapokuwa na haraka au amechoka. Na hapa mjini nyumba nyingi za zamani zimeongezewa vyumba miaka ya karibuni, kwa hiyo unafungua boksi moja na kukuta ndani yake rangi za aina zote mbili. Ndiyo maana nilisisitiza kwa kila kijana aliyefanya kazi nami: rangi ikuonyeshe pa kuanzia, lakini usiguse kabla testa haijasema.

Daftari lako lina shida hiyohiyo. Katika Biolojia, pinki ni fasili. Katika Kemia, fasili umezitia kijani, na pinki ni milinganyo. Katika Historia pinki ni miaka. Jicho lako linajifunza kwamba pinki ni kitu fulani, kisha ukurasa wa somo jingine unalikanusha. Chagua maana, zifanye ziwe zilezile katika masomo yote, na usizibadilishe tena mpaka umalize mtihani.

Hela ya kalamu nimeshamtumia mama yako, ila ni ya kalamu tatu na penseli. Ya kwanza iwe ya fasili. Ya pili iwe ya sababu: kwa nini jambo linatokea, kwa nini vita vilianza, kwa nini mmenyuko ule unatoa joto. Ya tatu usiiguse unapoandika wala unaposoma mara ya kwanza. Kazi yake nitakueleza mbele kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Kuhusu michoro, nina jambo moja la Biolojia. Kitabu chako kinaonyesha ateri kwa rangi nyekundu na vena kwa buluu. Wanafunzi wengi hutoka hapo wakiamini kwamba damu ya kwenye vena ni ya buluu. Si kweli. Damu ya binadamu ni nyekundu popote ilipo. Yenye oksijeni nyingi ni nyekundu ya kung'aa, na iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyoiva. Sasa tazama ateri ya mapafu. Ni ateri, kwa sababu inatoa damu kwenye moyo, lakini katika mchoro imepakwa buluu. Vena ya mapafu ni vena, na imepakwa nyekundu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nyekundu ni ateri anaanguka hapo. Yule aliyejiuliza rangi inasema nini anajua kwamba katika mchoro ule rangi inasimulia oksijeni, haisimulii aina ya mshipa, na mwelekeo wa damu lazima ausome kwenye mishale. Swali hilo moja, rangi hii inasema nini hapa, litakufaa kuliko kalamu yoyote.

Rangi ya asili ya kitu nayo ina nguvu yake. Mwaka 2002 Felix Wichmann, Lindsay Sharpe na Karl Gegenfurtner walichapisha utafiti wao kuhusu picha za mandhari. Watu walionyeshwa picha, kisha wakaulizwa ni zipi walizokwisha kuziona. Picha za rangi zilitambuliwa vizuri zaidi kuliko za nyeusi na nyeupe, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10. Lakini zilipopakwa rangi zisizo zake, faida ile ilitoweka. Ubongo hutunza kitu pamoja na rangi yake ya kweli. Mwaka 2006 Gegenfurtner na wenzake Thorsten Hansen na Maria Olkkonen walikwenda mbali zaidi. Waliwapa watu picha ya ndizi kwenye kompyuta na kuwaambia waibadilishe rangi mpaka iwe kijivu kabisa. Watu waliipitisha kijivu na kuingia kidogo upande wa buluu, kwa sababu hata ndizi ya kijivu halisi waliiona bado ina umanjano. Kumbukumbu ya ndizi zote walizowahi kuziona ilikuwa inaongeza rangi ndani ya macho yao. Kwa hiyo ukichora jani kwa ajili ya kujisomea, lipake kijani. Usilipake zambarau kwa sababu tu inapendeza.

Na kamwe usiandike jina la rangi kwa rangi nyingine. John Ridley Stroop alichapisha mwaka 1935, huko Marekani, jaribio ambalo unaweza kulirudia na wenzako jioni moja. Andika neno NYEKUNDU kwa wino wa kijani, KIJANI kwa wino wa buluu, na kadhalika, kisha mwambie mtu ataje rangi ya wino bila kusoma neno. Wanafunzi wa Stroop walitumia wastani wa sekunde 63 kutaja rangi za miraba 100. Walipopewa maneno 100 yaliyopingana na wino wake, walitumia sekunde 110. Kusoma kumekuwa tabia isiyozuilika, na jicho linapopewa habari mbili zinazopingana, akili inalipa kwa muda na uchovu.

Wewe ulisoma msahafu wa tajwidi ya rangi pale madrasa, na hapo una mfano bora kuliko wangu wa nyaya. Katika ile chapa ya Damascus iliyoenea sana huku kwetu, nyekundu inakuambia vuta, kijani inakuambia leta ghuna, kijivu inakuambia herufi hii haitamkwi. Kila rangi ni amri kwa ulimi. Unaiona, unaitekeleza, mwalimu anakusikiliza na kukusahihisha. Ni rangi chache, zina maana moja kutoka Al-Fatiha hadi An-Nas, na kila moja inadai tendo. Ndiyo maana watoto wadogo wanazishika.

Jambo lenyewe ni la kale sana. Wanahistoria wa maandishi ya Kurani humtaja Abul-Aswad ad-Du'ali, wa karne ya 7, kuwa ndiye aliyeanza kuweka nukta za irabu kwa wino wa rangi tofauti na wa matini: nukta juu ya herufi kwa fat-ha, chini yake kwa kasra, mbele yake kwa dhuma. Msomaji aliona mara moja kipi ni herufi ya asili na kipi ni msaada ulioongezwa. Huku kwetu, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu mizuri katika karne ya 18 na ya 19, wakipamba kurasa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Lakini angalia kilichotokea kati ya Abul-Aswad na msahafu wa kawaida ulioko nyumbani. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad wa Basra alibuni alama za irabu zenye maumbo, na zikaweza kuandikwa kwa wino uleule mmoja. Kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi ikachukuliwa na umbo. Mwandishi mwenye kalamu moja tu akaweza kuandika kila kitu.

Hili la al-Khalil ndilo ninalotaka ulibebe, kwa sababu wewe nawe utakuwa na wino mmoja. Unajua masharti ya Baraza la Mitihani: maandishi yote kwa wino wa buluu au mweusi, michoro kwa penseli. Chumba cha mtihani hakina pinki. Kila ulichokitunza kwa rangi lazima uwe umekitunza na kwa njia nyingine pia. Basi fasili, pamoja na rangi yake, iwekee kisanduku. Sababu iwekee mshale. Mchoro wa moyo uchore kwanza kwa rangi ili uelewe njia ya oksijeni, kisha uuchore tena kwa penseli tupu, na badala ya rangi uandike majina na mishale. Ukiweza kuuchora hivyo bila kutazama, rangi imemaliza kazi yake.

Sasa kalamu ya tatu. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia utafiti uliofanywa juu ya njia 10 za kujisomea. Kupiga mstari na kung'arisha maandishi waliiweka katika kundi la manufaa madogo. Kujipima na kusoma kwa vipindi vilivyoachana ndizo mbili pekee walizozipa daraja la juu. Utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa 2006 unaonyesha ni kwa nini watu hudanganyika. Kundi moja lilisoma kifungu kimoja mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Unaposoma tena ukurasa wenye rangi zako, unaufahamu, unajisikia vizuri, na hisia hiyo ni ya dakika tano.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma mada, funga daftari, chukua karatasi tupu na kalamu ya buluu, uandike yote unayoyakumbuka. Fungua, ulinganishe. Yale tu uliyoyasahau au kuyakosea, hayo ndiyo yapakwe kwa kalamu ya tatu. Yatakuwa machache, kwa hiyo yatakuwa peke yake katika ukurasa kama ile namba ya von Restorff, na kila yanapokuita yanakuonyesha pengo lako mwenyewe. Siku chache baadaye rudia. Utaona rangi inapungua kutoka mada hadi mada.

Rafiki yako aliyekwambia ubandike karatasi ya buluu ukutani ili uwe na akili ya ubunifu, mshukuru, lakini usinunue karatasi. Mwaka 2009 Ravi Mehta na Rui Zhu walichapisha habari kwamba nyekundu husaidia kazi za makini na buluu husaidia ubunifu. Waliojaribu baadaye kurudia sehemu ya majaribio yale hawakupata jambo hilo. Madai ya namna hii ni mengi. Hayastahili hela yako wala muda wako.

Limebaki la mdogo wako. Uliandika kwamba unamfundisha jioni unapokuwa likizo, na kwamba "hashiki," kwa sababu ulimchorea ramani ya mikoa kwa nyekundu, kijani na kahawia, naye akachanganya tangu mwanzo mpaka mwisho, na majani anayapaka kahawia. Tafadhali usimwite mzito tena. Babu yako mzaa mama, baba yangu, hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani maisha yake yote. Embe bivu alilijua kwa kulibonyeza na kulinusa. Upungufu huo mara nyingi hukaa kwenye kromosomu ya X, na baba humpa binti yake X aliyo nayo. Kwa hiyo mama yako lazima ameubeba, ingawa yeye mwenyewe anaona sawasawa, na kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Mimi sikuupata kwa kuwa X yangu niliitoa kwa mama. Wewe, binti, unaona vizuri, lakini huenda nawe umeubeba.

Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini hali hiyo humpata karibu 1 kati ya 12. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi hawajui. John Dalton, mwanakemia wa atomi unayemsoma darasani, alikuwa mmoja wao. Alieleza hali yake mbele ya wasomi wa Manchester mwaka 1794, akidhani kwamba maji ya ndani ya jicho lake yalikuwa na rangi ya buluu, na akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844; maji yalikutwa maangavu, hayana rangi. Mabaki ya macho hayo yalihifadhiwa, na mwaka 1995 vinasaba vyake vilipopimwa ilionekana kwamba alikosa moja ya aina tatu za chembe za jicho zinazopokea rangi. Hakuna anayeweza kusema Dalton alikuwa mzito.

Ile ramani ichore upya: mkoa mmoja mistari, mwingine nukta, wa tatu uache wazi, na majina juu yake. Utaona kama hashiki. Ethi yetu ya siku hizi ina mstari kwa manufaa hayohayo. Hata asiyetambua kijani anauona mstari.

Lakini kwa kuwa anasema anataka kuwa fundi umeme kama mimi, hili haliwezi kungoja. Kipimo ni chepesi, kile cha kitabu cha vidoa vyenye namba alichokitunga daktari Shinobu Ishihara wa Japani mwaka 1917, na kliniki za macho huwa nacho. Mkumbushe mama yako ampeleke likizo hii, kabla hajajaza fomu ya chuo cha ufundi, kisha mniandikie majibu. Ikionekana anao upungufu huo, mwambieni kwanza yeye mwenyewe, kwa upole, halafu mnipigie simu ili nizungumze naye.

Wako akupendaye,
Mjomba